Nchi Iliyosajiliwa Kama Kampuni

Mwaka 1893 Mombasa ilikuwa chini ya kampuni. Si serikali, ni kampuni. Imperial British East Africa Company ya yule tajiri wa meli kutoka Scotland, William Mackinnon, ilipewa hati ya Malkia Victoria mwaka 1888, ikapata ukanda wa pwani kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar, ikaanza kukusanya ushuru bandarini. Ilikuwa na bendera yake, na hata sarafu zake, rupia zilizopigwa jina la Mombasa. Shuleni tulifunzwa haya kwa mistari kama minne hivi, halafu mwalimu akarukia reli.

Sasa sikiliza. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo wa 1893, pale Savoy Theatre jijini London, kulifunguliwa mchezo wa nyimbo kuhusu kisiwa cha mbali ambacho mfalme wake anaamua kugeuza nchi nzima iwe kampuni. Unaitwa Utopia, Limited. Ndiyo, hiyo Limited ni ile ile unayoiona kwenye mihuri na mabango ya kampuni. Maneno ni ya W. S. Gilbert na muziki ni wa Arthur Sullivan. Ni opereta, yaani mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo nyingi na mazungumzo katikati, mwepesi kuliko opera. (Si opereta wa mashine, kabla hamjaanza.)

Anayewajua hawa wawili kwa kawaida anawajua kwa The Mikado ya 1885, iliyochezwa mara 672 mfululizo. Utopia ni nadra sana kuikuta jukwaani. Kwa hivyo niliposikia kwamba itachezwa Buxton Jumamosi, na The Grand Duke Jumapili, nilikata tiketi ya treni siku hiyo hiyo. Buxton ni mji mdogo wa vilima huko Derbyshire, Uingereza, kama saa moja hivi kwa treni kutoka Manchester. Jumba lake la opera lilifunguliwa 1903, na ndani limejaa nakshi za dhahabu mpaka unaogopa kufungua pakiti ya njugu. Watazamaji wengi walikuwa na umri wa shosho yangu, na walijua nyimbo kuliko nilivyotarajia mtu ajue nyimbo ambazo hazipigwi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mfalme Paramount anaonekana kama mtawala asiyeulizwa kitu, kumbe ana wazee wawili wa hekima juu ya kichwa chake, na ofisa mwingine ambaye kazi yake ni kumlipua mfalme kwa baruti siku akikosea. Wazee hao wanamlazimisha mfalme aandike, kwa siri, gazeti la udaku linalomchafua yeye mwenyewe. Hapo nilicheka peke yangu. Mfalme anajitengenezea skendo ili wenye nguvu wabaki na nguvu, na hii ni 1893, kabla ya simu zetu hizi.

Binti yake mkubwa, Zara, anarudi kutoka masomoni Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge. Anakuja na Waingereza sita, wanaoitwa Maua ya Maendeleo: mwanajeshi, mwanamaji, wakili, mtu wa baraza la kaunti, bwana wa itifaki za ikulu, na mmoja anayeitwa Goldbury, ambaye kazi yake ni kuanzisha kampuni. Huyo Goldbury ndiye moyo wa mchezo. Anamweleza mfalme Sheria ya Kampuni ya 1862: watu saba wakikaa pamoja wanatangaza mtaji wao, na kadiri mtaji unavyokuwa mdogo, ndivyo hasara yao inavyokuwa ndogo mambo yakiharibika. Wanaobaki wakilia ni wanaowadai. Mfalme anashangaa, anauliza kama kweli Uingereza inakubali kitu kama hicho, na akisikia inakubali, anaamua kuchukua sheria yote ilivyo. Kisiwa kizima kinakuwa Limited, na baadaye kila raia, mpaka watoto, anakuwa kampuni yake binafsi. Mtu akiletewa bili ya nguo anajibu kwamba mtaji wake ni peni 18 tu, basi, nenda kortini.

Gilbert alikuwa amesomea sheria na kufanya kazi ya uwakili kabla ya kuandika, na inaonekana. Miaka mitatu baadaye, 1896, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya fundi viatu aitwaye Salomon. Kampuni yake ilikuwa na wanachama saba: yeye, mkewe, na watoto wao watano. Wadai walisema hii ni kampuni ya jina tu. Mahakama ikasema kampuni ni mtu tofauti na Salomon, mambo yamekwisha. Mwanasheria yeyote wa Kenya ameisoma kesi hiyo, manake msingi wake bado uko katika sheria yetu.

Sidai kwamba Gilbert aliandika kuhusu sisi. Kisiwa chake kiko bahari ya kusini, tena kampuni ya Mackinnon ilizaliwa kwa hati ya malkia, si kwa hiyo sheria ya 1862. Lakini angalieni kalenda. Machi 1893 kampuni iliondoka Uganda kwa sababu pesa zilikuwa zimeisha, na Aprili bendera ya Uingereza ikapandishwa huko. Juni Mackinnon akafa. Oktoba Savoy wakafungua pazia. Msomaji wa magazeti wa London aliyekaa kwenye kiti usiku huo alijua vizuri kwamba kuna nchi zinazoendeshwa kutoka kwenye ofisi ya wenye hisa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua eneo letu, na kampuni ikalipwa pauni 250,000 ili iondoke. Sehemu kubwa ya pesa hizo haikutoka mfukoni mwa Uingereza. Ilitoka kwa pesa za Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji ahame, halafu akaletewa mpangaji mwingine mwenye bunduki. Goldbury angepiga makofi.

Kwa nini basi haichezwi? Sababu ya kwanza ni pesa. Kitendo cha pili kinaiga sherehe za ikulu ya Victoria, na nguo za sherehe hizo ziliifanya Utopia kuwa mchezo wa gharama kubwa kuliko yote yao. Pia ina wahusika wengi mno. Halafu wawili hawa walikuwa wametoka kwenye ugomvi mkubwa wa 1890 juu ya hesabu za Savoy, uliosababishwa na, ati, zulia jipya la ukumbini. Walirudiana, lakini utamu ulikuwa umepungua. Ilichezwa mara 245, idadi ambayo wengine wangeifurahia, lakini kwao ilikuwa kushuka. Kampuni ya D'Oyly Carte, iliyokuwa na haki za kazi zao, haikuirudisha jukwaani London mpaka 1975.

Na kusema ukweli, kuna mahali inachosha. Kitendo cha pili kina maonyesho mengi ya nguo na hadithi inasimama kama matatu inayongoja abiria. Kuna pia ile sehemu ambayo mfalme anaendesha kikao cha baraza lake kwa mtindo wa Christy Minstrels, wale wazungu waliokuwa wakijipaka rangi nyeusi usoni na kuiga watu weusi kwa kuchekesha. Dhihaka inailenga serikali ya Uingereza, sawa, nimeelewa. Buxton hakuna aliyejipaka kitu. Walikaa nusu duara na kupiga matari, watu wakacheka sana. Mimi nilicheka nusu. Ukiwa mtu mweusi katika safu ya sita, unajua mzaha huo ulijengwa juu ya nani.

The Grand Duke sitaimaliza hapa. Ni ya 1896, ya mwisho kwao, na ilichezwa mara 123 tu. Waigizaji wanapanga kumpindua mtawala bahili, na ishara ya siri ya njama ni kula roli ya soseji. Fikirieni mapinduzi ambayo lazima ule smoki mbele ya kila mtu unayemshuku. Nilifurahi, nikasahau nusu yake kabla ya treni.

Kilichonibaki ni mwisho wa Utopia. Mageuzi yanafanikiwa kupita kiasi: hakuna vita, hakuna ugonjwa, hakuna kesi, na madaktari na mawakili wanakosa kazi. Wananchi wanaasi. Zara anakumbuka kwamba amesahau kiungo kimoja cha Uingereza, serikali ya vyama. Chama kimoja kitavunja kilichojengwa na kingine, na kila kitu kitakwama vizuri. Umati unashangilia. Ukumbi wote ulicheka, na mimi nikawaza juu ya watu waliopigwa na kufungwa hapa kwetu mpaka kifungu cha 2A kikafutwa 1991.

Na huyo Gilbert asionekane kama mtu aliyeachwa aseme atakalo. Mwaka 1873 mchezo wake The Happy Land, uliomcheka Waziri Mkuu Gladstone, ulinyang'anywa kibali. Mwaka 1907 The Mikado yenyewe ilizuiwa kwa wiki kadhaa kwa sababu mwanamfalme wa Japani alikuwa anatembelea London. Lakini Gilbert alilala kitandani kwake. Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulifunguliwa Kamĩrĩĩthũ Oktoba 1977. Novemba kibali kikaondolewa, na tarehe 31 Desemba polisi wakamchukua Ngũgĩ wa Thiong'o, akafungwa karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 serikali ikapeleka polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe, uliojengwa na wanakijiji kwa mikono yao.