Cop Out

Cop Out ni filamu ya vichekesho na mapambano ya mwaka 2010 kutoka Marekani. Imeongozwa na Kevin Smith, imeandikwa na ndugu wawili, Robb na Mark Cullen, na kusambazwa na Warner Bros. Nyota wake ni Bruce Willis na Tracy Morgan, wanaocheza kama wapelelezi wawili wa polisi wa Brooklyn, New York, wenye tabia zisizolingana. Ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 26 Februari 2010. Wahakiki wengi waliiponda, lakini iliingiza fedha nyingi kuliko filamu nyingine yoyote iliyoongozwa na Smith.

Muhtasari

Jimmy Monroe (Willis) ni mtu mkavu, asiye na maneno mengi. Mwenzake, Paul Hodges (Morgan), hanyamazi, hulia upesi na ana wivu. Wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Baada ya kazi moja kuharibika na mtoa habari wao kuuawa, wanasimamishwa kazi bila mshahara.

Wakati huohuo binti yake Jimmy anataka kuolewa, na harusi inagharimu karibu dola 48,000. Baba wa kambo wa binti huyo, Roy, ni tajiri na yuko tayari kulipa, lakini Jimmy anaona kuwa hiyo ni aibu kwake. Anaamua kuuza kadi ya mwaka 1952 yenye picha ya Andy Pafko, mchezaji wa besiboli. Kadi hiyo ipo kweli: ilikuwa namba 1 katika seti ya kampuni ya Topps, na kwa kuwa ilikaa juu ya fungu, nyingi ziliharibika. Ndiyo maana iliyo nzima ina thamani kubwa.

Kadi inaibwa na mwizi aitwaye Dave, kisha inafika mikononi mwa Poh Boy, mkuu wa genge la dawa za kulevya anayependa sana besiboli. Poh Boy anakubali kuirudisha iwapo wataitafuta gari yake iliyoibwa. Wanapoipata, wanamkuta ndani ya buti mwanamke wa Kimeksiko aitwaye Gabriela. Paul naye anamshuku mke wake, Debbie, hata anaficha kamera ndani ya dubu wa kuchezea.

Mwishoni Poh Boy anauawa, lakini kadi imetobolewa na risasi, na Roy ndiye anayelipia harusi. Hata hivyo Paul anamtishia Roy kwa bastola kimyakimya ili abaki ameketi, na Jimmy anasimama kumtoa binti yake.

Washiriki

Bruce Willis – Jimmy Monroe
Tracy Morgan – Paul Hodges
Seann William Scott – Dave
Guillermo Díaz – Poh Boy
Ana de la Reguera – Gabriela
Kevin Pollak – Hunsaker
Adam Brody – Mangold
Rashida Jones – Debbie
Michelle Trachtenberg – Ava, binti wa Jimmy
Jason Lee – Roy

Utayarishaji

Smith alipata jina kwa Clerks (1994), filamu ya gharama ndogo aliyoiandika mwenyewe. Cop Out ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza bila kuiandika. Alikuwa amewahi kuigiza pamoja na Willis katika Live Free or Die Hard (2007).

Mswada uliitwa A Couple of Dicks, jina lenye maana mbili: neno la mwisho ni la mtaani kwa wapelelezi, lakini pia ni tusi. Kwa kuwa jina hilo lingeleta shida katika matangazo ya televisheni, lilibadilishwa. "Cop" ni polisi, na "cop-out" ni kukwepa jambo kwa woga. Hivyo jina jipya lilikuwa pia utani kuhusu kubadilishwa kwa jina lenyewe.

Muziki ulitungwa na Harold Faltermeyer, aliyetunga pia muziki wa Beverly Hills Cop (1984). Lengo lilikuwa kurudisha ladha ya filamu za polisi wawili za miaka ya 1980, kama 48 Hrs. (1982) na Lethal Weapon (1987).

Mapokezi

Wikendi ya kwanza filamu ilishika nafasi ya pili Marekani, nyuma ya Shutter Island, kwa takriban dola milioni 18. Duniani kote iliingiza takriban dola milioni 55.

Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, chini ya robo ya hakiki ziliisifu. Lawama kubwa ilikuwa kwamba inarudia mambo yaliyozoeleka, na kwamba wahusika wakuu hawaonekani kuwa marafiki. Katika filamu za aina hii wawili huanza kwa kugombana, na mtazamaji huona urafiki wao ukikua; Jimmy na Paul wanaanza wakiwa wamekwishazoeana, na Willis hachangamki. Smith aliwajibu wahakiki kwa hasira kwenye Twitter.

Mgogoro na upatanisho

Mwaka 2011 Smith alisema hadharani kwamba kufanya kazi na Willis kulimvunja moyo, huku akimsifu Morgan. Tarehe 30 Machi 2022 familia ya Willis ilitangaza kwamba anaacha uigizaji kwa sababu ya afasia, maradhi yanayoathiri uwezo wa kusema na kuelewa maneno. Smith aliomba radhi kwa malalamiko yake ya 2011, akisema alikuwa shabiki wa Willis tangu zamani.