Mbegu au udongo? Somo la Rothamsted

Ndugu mkulima, mbegu mpya ikizaa sana, sifa ni ya mbegu au ya udongo?

Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio la mbolea kwenye ngano lilianza mwaka 1843. Mwaka 1919 Ronald Fisher aliajiriwa kuchambua kumbukumbu zake. Kwa tarakimu hizo alijifunza kutenganisha kazi ya mbolea na ya mvua na udongo. Baadaye akashauri: rudia jaribio kwenye vipande kadhaa, kura iamue kipande kipi kipate nini.

Nawe gawa vipande 8 vyenye ukubwa sawa. Piga kura: 4 mbegu mpya, 4 ya zamani. Pima kila kipande, andika kilo. Vipande vya mbegu ileile vikipishana sana kuliko mbegu mpya inavyoizidi ya zamani, usitoe hela bado. Rudia msimu ujao.