Kabla Umlaumu Msanii, Kumbuka Kaseti

Wazee wetu hupenda kusema muziki wa siku hizi ni bure. Haya, tuulize basi: pesa zilienda wapi?

Miaka ya 1970, santuri zilitengenezewa hapa hapa Nairobi. Kina Simba Wanyika walitoka Tanga, Super Mazembe wakatoka Zaire, wote wakaja kurekodi kwetu. River Road ilijaa maduka na lebo ndogondogo. Santuri ikiuzika, kulikuwa na hela ya kuingiza bendi nzima studio: magitaa matatu, besi, ngoma, saksafoni.

Halafu kaseti ikaingia. Msee mwenye redio ya deki mbili alinunua moja, akanakili mia, akauza bei ya kutupa. Nakala ya nakala, sauti ikabaki mchakato wa mvua kwa mabati. Prodyusa hakurudisha pesa yake, basi akaanza kukata: saksafoni nje, ngoma nje, mwisho akabaki na kinanda kimoja. Mitambo ya santuri nayo ikanyamaza. Sheria mpya ya Hakimiliki ilikuja 2001, soko likiwa limeshaumia.

Talanta ilikuwepo muda wote. Mlipaji ndiye alitoroka. Na wewe ukitumiwa albamu nzima bure kwa simu leo, jua hiyo deki mbili sasa iko mkononi mwako.