Watafiti wa Kinga ya Mwili Dhidi ya Saratani, 1891–2018

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtafiti aliyejikita katika tiba ya kinga, yaani tiba inayouwezesha mwili wenyewe kupambana na saratani badala ya kuikata, kuichoma kwa mionzi au kuiua kwa kemikali, alihesabiwa na wenzake kuwa mtu mwenye matumaini mengi kuliko ushahidi. Shaka hiyo haikuzuka bure. William Coley, daktari wa upasuaji wa New York, alianza mwaka 1891 kuwadunga wagonjwa bakteria hai, na baadaye bakteria waliokwisha kuuawa, baada ya kupata habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka alipopatwa na maambukizi makali ya ngozi. Baadhi ya wagonjwa wake walipona. Lakini nguvu ya dawa hiyo haikuwa thabiti, wala Coley hakuweza kueleza ni kitu gani mwilini kilichowaponya. Tiba ya mionzi, ambayo matokeo yake yalitabirika zaidi, ikaifunika.

Maelezo aliyoyakosa Coley yalitoka kwa watu ambao shabaha yao ya kwanza haikuwa dawa. James Allison, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Alice, Texas, na kufiwa na mama yake kwa saratani ya limfu angali mtoto, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1973, kisha akazama katika swali la namna seli T, ambazo ni seli nyeupe za damu zinazoweza kuua seli zilizoambukizwa, zinavyomtambua adui. Mwaka 1982 kundi lake lilieleza protini inayozipa seli hizo uwezo huo. Protini nyingine, CTLA-4, iligunduliwa Ufaransa mwaka 1987, na wapo waliodhani kuwa inazichochea seli T, hadi kundi la Allison huko Berkeley na la Jeffrey Bluestone huko Chicago yalipoonyesha kwamba ni breki ya seli hizo. Walioona humo njia ya kutuliza kinga iliyovuka mipaka hawakukosea. Allison alitaka kinyume chake, yaani kuifungua breki hiyo kwa kingamwili, ambayo ni protini inayonata mahali pamoja maalumu.

Mwishoni mwa 1994 Dana Leach, mtafiti wa maabara yake, alimletea matokeo yaliyopita kiasi: panya waliodungwa kingamwili hiyo walikuwa wamepona. Allison aliagiza jaribio lirudiwe papo hapo, na kwa kuwa ilikuwa likizo ya Krismasi, akapima uvimbe mwenyewe bila kujua ni panya gani waliopewa dawa. Mwanzoni uvimbe uliendelea kukua katika makundi yote, jambo lililomvunja moyo. Kisha katika kundi moja ukasimama, ukasinyaa.

Ucheleweshaji huo uliwasumbua baadaye madaktari waliojaribu dawa kwa binadamu, kwa maana desturi ya tiba ya kemikali ilikuwa kuihukumu dawa kwa kupungua kwa uvimbe ndani ya wiki chache, ilhali hapa uvimbe uliweza hata kuongezeka kabla ya kupungua. Kampuni nyingi zilikwisha kumkatalia Allison kabla Medarex haijaikubali kazi hiyo. Mwaka 2004 alihamia hospitali ya New York ambamo Coley aliwahi kufanya kazi, ili awe karibu na majaribio hayo. Kilichoamua hatimaye ni muda wa kuishi wa wagonjwa wa melanoma, saratani hatari ya ngozi, na mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, ipilimumabu.

Tuzo ya Nobel ya 2018 Allison aliipata pamoja na Tasuku Honjo wa Kyoto, ambaye maabara yake iligundua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992. Hata hivyo breki ikishafunguliwa, seli T huweza pia kushambulia utumbo, ngozi na tezi za mgonjwa, na wengi hawapati nafuu yoyote. Kwa nini huyu apone na yule asipone ndilo swali linaloshughulisha sasa maabara nyingi za fani hii.