Levitt na Wanawe

Baada ya chakula na nguo, hakuna kitu ambacho binadamu hukitafuta kwa bidii kuliko nyumba. Mpangaji hulala akihesabu siku zilizobaki kabla ya kulipa kodi, na mwenye nyumba akighadhibika, mpangaji hana budi kufunga mizigo yake akahama. Bali mtu aliye na nyumba yake mwenyewe ana stara, tena ana akiba: thamani ya nyumba aghalabu huongezeka, na mwisho wake huwa urithi wa watoto. Kwa sababu hiyo, msomaji, habari za wajenzi wakubwa wa nyumba zastahili kusomwa katika historia kama zisomwavyo habari za majemadari na wafalme. Mjenzi mkubwa aweza kuamua nani atakaa wapi, na uamuzi wake ukadumu vizazi.

Habari nitakayokusimulia ni ya jamaa moja ya Marekani, baba na wanawe wawili. Walianzisha kampuni ndogo ya ujenzi, wakaikuza hata ikawa mashuhuri kuliko zote katika nchi yao, na baada ya miaka 40 hivi ikatoka mikononi mwao. Kampuni hiyo iliitwa Levitt na Wanawe.

Baba, Abraham Levitt, alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini waliohamia Marekani. Aliacha shule akiwa mtoto, akafanya kazi ndogo ndogo za kujikimu, lakini hakuacha kusoma. Alijifunza mwenyewe mpaka akaweza kuingia chuo kikuu kusomea sheria, akawa wakili wa mambo ya ardhi na nyumba. Alipata watoto wawili wa kiume, William aliyezaliwa mwaka wa 1907, na Alfred aliyezaliwa mwaka wa 1912. Mwaka wa 1929 watatu hao waliunda kampuni yao, wakagawana kazi kila mtu kwa kipawa chake. William alikuwa msemaji na mfanyi biashara. Alfred alichora ramani za nyumba. Baba alishughulikia bustani na miti, tena alikuwa mshauri wa wote wawili. Hapo mwanzo walijenga nyumba nzuri za watu wenye uwezo katika kisiwa cha Long Island, mashariki ya jiji la New York.

Vita vya Pili vya Dunia viliwafundisha kazi nyingine. Serikali iliwapa kandarasi ya kujenga nyumba nyingi za wafanyakazi karibu na kituo cha jeshi la majini huko Norfolk, Virginia. Nyumba zilitakiwa upesi na kwa bei ndogo, na njia ya zamani ya ujenzi haikufaa. Fundi wa zamani alianza nyumba kwa msingi na kuimaliza kwa paa. Akina Levitt waliona kwamba kazi moja kubwa yaweza kukatwa vipande vingi vidogo, na kila kipande kikapewa kundi lake la wafanyakazi. Somo hilo ndilo lililowatajirisha.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, mamilioni ya askari walirudi kwao wakaoa, wakapata watoto, wala hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Kwa miaka mingi ya dhiki na vita nyumba chache tu zilikuwa zimejengwa. Familia changa zilibanana katika nyumba za wazazi, na wengine walikaa katika mabanda ya mabati yaliyoachwa na jeshi. Wakati huo huo, wakulima wa viazi wa Long Island walikuwa katika shida: mnyoo mdogo wa ardhini alikuwa akiharibu mazao yao, na wengi walikuwa tayari kuuza mashamba. Watu wengine waliona mashamba yaliyoharibika. Akina Levitt waliona mji. Wakanunua ardhi, na mwaka wa 1947 wakatangaza kwamba watajenga nyumba 2,000 za kupangisha kwa askari waliorudi. Wapangaji wa kwanza waliingia mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi. Mji ukaitwa Levittown.

Sikiliza sasa jinsi walivyojenga. Katika kiwanda cha magari, gari hupita mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja huongeza sehemu yake. Nyumba haiwezi kutembea. Kwa hiyo akina Levitt waliwatembeza wafanyakazi. Kazi yote iligawanywa katika hatua 27. Malori yalipita yakiacha mbao, mabomba na vigae mbele ya kila kiwanja kwa vipimo vilivyo sawa. Nyuma yake lilikuja kundi la kumwaga zege, kisha kundi la kusimamisha kuta, kisha kundi la kuezeka, na kila kundi likimaliza nyumba moja lilihamia ya pili. Hata mpaka rangi alikuwa na rangi yake moja tu: huyu nyeupe, yule nyekundu, nyumba baada ya nyumba. Nyumba hazikuchimbiwa vyumba chini ya ardhi kama ilivyokuwa desturi ya huko, bali zilikaa juu ya sakafu ya zege. Kampuni ilikuwa na msitu wake wa mbao California na kiwanda chake cha misumari, na jokofu na majiko ilinunua moja kwa moja kwa watengenezaji, ili faida ya watu wa katikati isiongeze bei. Kazi iliposhika kasi, nyumba 30 na zaidi zilimalizika kwa siku moja.

Mwaka wa 1949 kampuni ilianza kuuza nyumba badala ya kuzipangisha, kila moja kwa dola 7,990. Watu walipanga foleni tangu usiku. Kufikia mwaka wa 1951 nyumba 17,447 zilikuwa zimesimama mahali palipokuwa na viazi. Mwaka wa 1952 kampuni ilianza mji wa pili, Levittown wa Pennsylvania, wenye nyumba nyingine zaidi ya 17,000, na baadaye mji wa tatu katika jimbo la New Jersey.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Jamaa hii ilifanya jambo ambalo wengi walisema haliwezekani. Dereva wa lori, karani na mwalimu, watu ambao wazazi wao walikuwa wapangaji maisha yao yote, waliingia katika nyumba zao wenyewe, zenye jiko jipya, bustani ya nyasi, na miti ya matunda iliyopandwa kwa maagizo ya mzee Abraham. Wakosoaji walicheka kwamba nyumba zote zafanana kama mayai katika kapu. Walakini waliokaa ndani yake hawakucheka, walifurahi.

Lakini tazama, msomaji, nguvu ya kampuni hii ilitoka wapi. Bidii ya baba na wanawe ilikuwa kubwa, ila haikuwa peke yake. Tangu mwaka wa 1934 serikali ya Marekani ilikuwa ikidhamini mikopo ya nyumba, na sheria ya mwaka wa 1944 iliongeza dhamana kwa askari waliorudi vitani. Maana yake ni hii: mnunuzi akishindwa kulipa, hasara ya benki hufidiwa na serikali. Kwa dhamana hiyo benki zilikopesha bila hofu, mjenzi alipata fedha za kuanzia, na askari aliweza kununua bila kutoa malipo makubwa ya awali. Basi nyumba za Levittown zilisimama juu ya misingi miwili, mmoja wa zege na mmoja wa dhamana ya taifa zima, na katika taifa hilo wamo watu weusi waliolipa kodi na waliopigana vitani kama wenzao.

Hata hivyo, katika hati za upangaji za Levittown kulikuwa na sharti kwamba nyumba isikaliwe na mtu yeyote asiye wa asili ya kizungu, isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumbani. Mtu mweusi aliweza kupika katika jiko lile na kulea watoto wa nyumba ile, lakini hakuruhusiwa kuipanga. Wala sharti hilo halikuwa la kampuni peke yake. Miongozo ya idara ya serikali iliyodhamini mikopo ilipendekeza masharti kama hayo, kwa hoja kwamba mchanganyiko wa watu hushusha thamani ya mtaa. Mwaka wa 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo. Baadaye kampuni ililiondoa sharti katika maandishi, lakini iliendelea kulitekeleza katika ofisi ya mauzo. Msomaji wa Kenya ataielewa hali hii upesi, maana katika miaka ile ile nyanda za juu za nchi yetu zilitengwa kwa Wazungu, na mitaa ya Nairobi iligawanywa kwa rangi.

William Levitt alipoulizwa, alijitetea kwa maneno ya mfanyi biashara. Alisema kwamba yeye, akiwa Myahudi, hana chuki na mtu moyoni. Lakini akimwuzia mtu mweusi nyumba moja, wazungu walio wengi hawatanunua zilizobaki. Alisema aweza kutatua shida ya nyumba au shida ya rangi, lakini si zote mbili pamoja. Pima maneno hayo. Mfanyi biashara kuogopa hasara si ajabu. Ila huyu hakuwa mchuuzi wa kibanda. Alikuwa mtu aliyeweza kusimamisha mji mzima, kwa dhamana ya serikali, wakati ambapo wanunuzi walikuwa wengi kuliko nyumba. Kama yeye hakuweza kufungua mlango, nani angeweza?

Jibu lilitolewa na watu wa kawaida. Mwezi wa Agosti 1957, William na Daisy Myers, mume na mke weusi wenye watoto watatu wadogo, walinunua nyumba Levittown wa Pennsylvania, si kwa kampuni bali kwa mwenye nyumba mwenyewe. Makundi ya watu yalikusanyika usiku baada ya usiku mbele ya nyumba yao, mawe yakavunja madirisha, matusi yakatolewa, polisi wa jimbo wakaletwa kutuliza ghasia. Majirani wachache walisimama nao, na mahakama ikawakataza wachokozi. Akina Myers hawakuhama. Walikaa pale miaka kama minne, wakaondoka kwa hiari yao wenyewe. Katika New Jersey, watu weusi waliokataliwa na kampuni waliishtaki, na mwaka wa 1960 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua dhidi ya kampuni. Mji ule ukafunguliwa, wala haukuanguka. Mwezi wa Aprili 1968 sheria ya nchi nzima ilikataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Mwaka huo huo wa 1968 kampuni yenyewe iliuzwa. Alfred alikuwa amejitenga na ndugu yake tangu mwaka wa 1954, na mzee Abraham alifariki mwaka wa 1962. William, aliyebaki peke yake, aliiuza kampuni kwa shirika kubwa la ITT kwa kiasi cha dola milioni 92, akalipwa zaidi kwa hisa za shirika hilo kuliko kwa fedha taslimu. Hisa zikashuka thamani. Biashara alizojaribu baadaye katika nchi nyingine zikamshinda, madeni yakamzidi, na alipofariki mwaka wa 1994 utajiri wake ulikuwa umekwisha. Mali ya mjenzi ilitoweka. Nyumba alizojenga zimesimama hata leo.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Nyumba zilizouzwa kwa dola 7,990 zilifikia baadaye bei ya mamia ya maelfu ya dola. Askari mweupe aliyenunua mwaka wa 1949 aliweza kusomesha watoto wake kwa thamani ya nyumba hiyo, na kuwaachia urithi. Askari mweusi aliyerudi kutoka vita vile vile alibaki mpangaji mjini, akalipa kodi mwezi baada ya mwezi, na kodi haina urithi. Sheria ya mwaka wa 1968 ilifungua mlango, lakini haikuweza kurudisha miaka 20 iliyopita bei zikipanda. Dhuluma ya siku moja ofisini ilizaa umaskini wa wajukuu.

Mwaka wa 1999 Daisy Myers, aliyekuwa sasa bibi mzee, alialikwa tena mahali alipopigiwa mawe, akaombwa radhi hadharani. Alikwenda.

Nawe, msomaji, siku moja utapita mahali ambapo mashamba yanapimwa na nyumba mpya zinainuka, maana miji yetu nayo inakua. Usiishie kustaajabia ukubwa wa majengo wala utajiri wa jamaa inayoyajenga. Uliza ni ardhi ya nani, ni dhamana ya nani, na ni nani atakayeambiwa mlangoni kwamba nyumba zimekwisha. Huenda siku hiyo wewe ndiwe utakayeshika ramani, au kalamu, au funguo.