Laptopu ililala, ikaamka bila Bluetooth

Ulishawahi kuilaza laptopu yako ya Linux, ukaiwasha baadaye ukakuta mafaili yote yapo palepale, ila Bluetooth haipo kabisa? Mimi imenikuta. Laptopu yangu ni ya mtumba, sehemu ya kugusa kwa kidole ilishakufa, kwa hiyo bila kipanya cha Bluetooth sifiki popote. Umeme ulikatika, hesabu za tasnifu zilikuwa zimeshakimbia saa 6, nikailaza. Kuzima na kuanza upya kulimaanisha kupoteza saa zote hizo.

Chanzo chake ni cha zamani kidogo. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa APM, ambapo BIOS ndiyo ilikuwa bosi wa umeme. Desemba 1996 wakaja na ACPI, safari hii pamoja na Toshiba, na kazi ya kuamua ikahamia kwa mfumo endeshi. Hapo kuna usingizi wa aina mbili unaokuhusu: S3, RAM inabaki na umeme, na S4, yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski halafu umeme unakatwa.

Upande wa Linux, Gabor Kuti alianzisha swsusp, Pavel Machek akaiendeleza, na ikawemo kwenye kerneli 2.6 ya Desemba 2003. Maelezo yake yalionya wazi: ukigusa diski kati ya kulala na kuamka, data yako uiage. (Walijua wanacheza na moto.)

Bluetooth ilianzia Ericsson, Sweden, mwaka 1994. Linux ikaipokea mwaka 2001 kupitia BlueZ, iliyoanzia Qualcomm. Sasa sikiliza: chipu nyingi za Bluetooth hazitunzi programu yao zenyewe. Kila zikipata umeme, draiva inazimiminia upya. Ukiingia S4, chipu inasahau kila kitu, lakini kumbukumbu ya kerneli inarudi ikiamini chipu iko tayari. Draiva isipogundua, mmoja anaongea, mwingine hasikii.

Kwa hiyo usikimbilie kuzima. Kama chipu yako inatumia btusb, fungua tamino, andika:

sudo modprobe -r btusb
sudo modprobe btusb

Ikigoma, soma dmesg uone kama programu ya chipu ilipakiwa. Yangu ilirudi mara ya kwanza. Hesabu zikaisha saa 10 alfajiri, betri ikiwa na asilimia 9.