Resori ya gazi: juu ya nini mlango wa nyuma wa gari unakuwa mzito asubuhi?

Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, si ajabu kuona gari ambayo mlango wake wa nyuma unashikiliwa na kipande cha mti. Mti ukiteleza, mlango unaangukia kichwa cha mwenye kushusha mizigo. Chombo kilichokufa pale ni resori ya gazi. Mafundi wa garaje wanaiita pia verini. Inatumika namna gani, na maenjenyeri wanaihesabu vipi?

Ndani kuna nini?

Ni tiyo ya chuma iliyofungwa kabisa, yenye azoti iliyokandamizwa na mafuta kidogo. Pistoni iko na tundu ndogo, kwa hiyo gazi inakaa pande zote mbili. Lakini upande wenye fimbo, gazi iko na sehemu ndogo ya kusukuma. Ndiyo maana fimbo inatoka inje. Nguvu ni presha mara eneo la fimbo: fimbo ya milimita 8 kwa presha ya bar 80 inatoa karibu niutoni 400, ni kusema kubeba kilo 41.

Hesabu ya mwendo

Ukifunga mlango, fimbo inaingia na kula nafasi ya gazi. Tuseme gazi ilikuwa na sentimita kibe 50, fimbo inakula 10, zinabaki 40. Ukifunga polepole, joto linapata muda wa kutoka, na nguvu inapanda mpaka karibu kilo 51. Ukifunga kwa haraka sana, joto linabaki ndani, na nguvu inaweza kukaribia kilo 56. Resori ni ile ile, mwendo ndio umebadilika.

Kwa hiyo enjenyeri hapimi nguvu moja tu. Anajumlisha nguvu ya gazi, uzito wa mlango, msuguano wa mpira unaoziba, na ugumu wa gazi kupita katika tundu ya pistoni. Halafu ordinateri inagawa mwendo katika vipande vidogo vya wakati, inatafuta hatua kwa hatua mlango uko wapi na unaenda mbio gani. Pistoni ikifika ndani ya mafuta, mwendo unapungua. Ndiyo maana mlango mzima haugongi mwisho wake.

Baridi na joto

Presha inafuata joto. Kila digri 10 inabadilisha nguvu kwa karibu 3 kwa mia. Resori yetu ya kilo 41 kwa digri 20 inabaki na 40 asubuhi ya digri 12, na inapanda karibu 43 kwa digri 32. Mlango wa gari ya zamani, ambayo gazi imeshapungua, unaweza kusimama muchana na kuanguka asubuhi.

Tujilinde

Mlango ukianza kushuka wenyewe, badilisha resori zote mbili pamoja. Ifungwe fimbo ikiangalia chini wakati mlango umefungwa, ili mafuta yalinde mpira. Na ile ya zamani isitobolewe, isikatwe, isichomwe moto, wala watoto wasipewe kuchezea: hata ikionekana imekufa, presha inaweza kuwa bado ndani, na chuma kinaweza kuruka kama risasi.